Eriali ya Redio: Ifiche kwa Mwizi, Usiifiche kwa Wenyewe

Katika ziara zangu kwa vikundi kuna swali ambalo limenifuata tangu vijana waanze kupenda mambo ya redio: "Dada, tukiweka waya nje, si utaibwa?" Ni swali la haki. Waya una shaba, na shaba ina soko. Leo nataka tuelezane jinsi ya kutengeneza eriali kwa mikono yetu, kuiweka nje mahali ambapo mpita njia haioni, na kuitunza idumu. Lakini kwanza nitawasimulia kisa, maana ndicho kilichonifundisha jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii.

KAMBA ILIYOCHOMA

Kikundi kimoja ninachokitembelea kina mwalimu mstaafu mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Aliomba kuweka mtambo wake kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa kikundi, awafundishe vijana. Wanachama wakakubali. Waya wa kwanza ulikuwa mwekundu, ukang'aa juu ya ukumbi kama bendera. Haukumaliza mwezi. Asubuhi moja tulikuta kamba mbili zinaning'inia, waya hakuna.

Tukakaa chini tukashauriana. Tukaamua waya wa pili uwe wa kijivu na ufungwe sambamba na kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya ukumbi. Ukipita njiani huoni kitu. Tukajipongeza sana kwa ujanja huo.

Jumamosi moja mwalimu yuko ndani anazungumza na mwenzake wa mbali. Mama mmoja wa kikundi akaja na beseni la nguo za watoto. Akanyoosha mkono akashika kamba pale mwisho, penye ncha ya waya. Tukasikia "Uwi!" Kidole kilikuwa kimeungua, alama ndogo nyeupe. Kilipona baada ya siku chache, lakini maneno yake sijayasahau: "Kama hii si kamba ya nguo, mbona hamkusema? Mlikuwa mnamficha nani, mwizi au mimi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikosea mara mbili: waya ulikuwa chini mno, na wenye ukumbi hawakuambiwa. Yote ninayoandika hapa chini yanatoka kwenye somo hilo. Ifiche eriali kwa mwizi. Usiifiche kwa wanachama, kwa jirani wala kwa serikali.

REDIO YA RIDHAA NI NINI?

Ni redio ya watu binafsi wanaozungumza wao kwa wao, kwa kujifunza na kwa kupenda, bila malipo. Haitumiki kwa biashara. Huwezi kuitumia kutangaza bei ya mahindi ya kikundi au kuita wateja wa kuku. Lakini wakati wa maafa, watu wa redio hizi wamesaidia kupeleka habari katika nchi nyingi. Simu ya mkononi inategemea mnara, na mnara unategemea stima. Redio ya ridhaa inahitaji betri ya gari, mtambo, na waya nje.

Anayerusha sauti lazima awe na leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hupewa alama ya mwito ambayo ni yake peke yake. Nyingi za hapa kwetu huanza na 5Z4. Kuficha waya hakumfichi mtu asiye na leseni. Mawimbi yenyewe husikika, na yakisikika wenye vyombo wanaweza kufuata yanakotoka. Basi tusidanganyane: kama kikundi hakina mwenye leseni, tengenezeni eriali ya kusikiliza tu. Nitaieleza pia.

KWA NINI WAYA UWE NJE?

Nyumba zetu nyingi ni za mabati. Bati ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Redio iliyo chini ya mabati ni kama mtu aliyefunikwa sufuria kichwani. Penye paa la nyasi au makuti waya unaweza kukaa ndani ya paa na ukafanya kazi. Penye mabati, toka nje.

Ujanja wa kuficha si wetu peke yetu. Kule Marekani kuna mitaa ambayo kanuni zake haziruhusu eriali inayoonekana. Watu wa huko hupitisha waya kwenye miti, huuficha ndani ya mlingoti wa bendera, au hutumia mifereji ya maji ya mvua iliyo ya chuma. Wao wanakimbia macho ya majirani, sisi tunakimbia mwizi wa shaba.

KUPIMA UREFU

Eriali rahisi kuliko zote ni waya mmoja uliokatwa katikati, nusu moja huku na nusu nyingine kule, na kebo ikiungwa pale katikati. Urefu wake si wa kubahatisha. Chukua namba 143, gawanya kwa masafa unayotaka yakihesabiwa kwa megahezi. Jibu ni urefu wa waya wote kwa mita.

Mfano: watu wa ridhaa huku kwetu hutumia sana masafa kati ya megahezi 7.0 na 7.2. Chukua 7.1. Ukigawanya 143 kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo. Basi kila upande ni mita 10. Kwa megahezi 14.2 ni nusu yake, yaani mita 5 kila upande, na hii hufaa penye uwanja mdogo.

Waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu hiyo. Lakini usianze na mfupi. Kata mita 10 na sentimita 40 kila upande, kisha punguza pole pole. Waya mrefu unakatika, waya uliokatwa haurefuki.

VIFAA

1. Waya wa stima wa nyumba, mita 21 au zaidi, unene wa 1.5, rangi nyeusi, kijani au kijivu. Msinunue mwekundu wala mweupe.

2. Kebo ya eriali ya mviringo. Ile ya TV inafaa kwa mtambo wa nguvu ndogo.

3. Vipande vitatu vya mfereji wa plastiki wa maji, kila kimoja sentimita 10, vimetobolewa matundu. Hivi huzuia stima isipite kwenye kamba au mti.

4. Kamba ya nailoni. Kamba ya katani ni nzuri kwa mbuzi, lakini mvua huiozesha.

5. Tepu ya umeme, solda, na chupa ya plastiki yenye mchanga.

Kama wizi umezidi kwenu, mnaweza kutumia waya wa alumini, kama ule wa ua wa stima wa kuzuia ng'ombe. Hauna mvuto kama shaba. Ila solda haishiki alumini vizuri. Ungeni kwa boliti na washa, mkaze, na mkague mara nyingi, maana shaba na alumini zikigusana penye maji hulana.

KUTENGENEZA

Kwanza. Funga nusu mbili za waya kwenye kipande cha plastiki cha katikati, kila moja kwenye tundu lake, zisigusane. Uzito wote ubebwe na plastiki, usibebwe na solda.

Pili. Chuna kebo. Ndani kuna kiini kimoja, na kukizunguka kuna wavu wa nyuzi. Unga kiini na nusu moja ya waya, na wavu na nusu ya pili. Piga solda.

Tatu. Funga tepu kwenye maungio yote, tabaka tatu, ukianza chini kwenda juu ili zipishane kama vigae vya paa. Maji ndiyo adui mkubwa wa kebo. Yakiingia kwenye wavu hutembea ndani mita nyingi na kebo yote inaharibika.

Nne. Chini kidogo ya maungio, zungusha kebo mara 8 hadi 10, duara la sentimita 15, uifunge ikae hivyo. Mizunguko hii huzuia mawimbi yasirudi chini kwa nje ya kebo na kuingia chumbani.

Tano. Ncha za waya zifungwe kwenye vipande vya plastiki vilivyobaki, halafu kamba ya nailoni ndiyo iende hadi mtini. Ncha isiguse majani wala tawi. Acha nafasi ya nusu mita.

Sita. Mti hucheza kwa upepo. Ukikaza waya kati ya miti miwili, siku ya upepo utakatika. Kamba ya upande mmoja ipite juu ya tawi, na mwisho wake ning'iniza ile chupa ya mchanga. Mti ukiinama chupa inapanda, mti ukirudi chupa inashuka, waya uko salama. Chupa ikae juu kuliko kichwa cha mtu, na isiwe mahali watoto wanapochezea.

Saba. Kebo inapoingia nyumbani, ishuke chini ya tundu la ukuta halafu ipande kidogo kabla ya kuingia. Matone ya mvua yatadondokea pale chini badala ya kufuata kebo hadi kwenye redio.

MAHALI PA KUFICHA

Miti ndiyo rafiki wa kwanza. Katikati ya waya iwe juu, kwenye mgrevilea au mwembe, na mikono miwili ishuke kama paa la nyumba. Waya mweusi mbele ya majani hauonekani hata ukiwa hatua ishirini. Kebo ishuke upande wa shina usioangalia barabara.

Kamba ya nguo bado inafaa, lakini si kama tulivyofanya mara ya kwanza. Sasa nguzo zetu zimerefushwa. Kamba ya nguo halisi iko chini, mahali mama anapofikia, na waya wa redio uko juu yake zaidi ya mita 4. Mpita njia anaona nguzo, anaona nguo, haulizi mengine. Hapo nguo ndizo zinazoficha waya, na hakuna mkono unaoufikia.

Msihofu kwamba mita 4 au 6 ni chini sana kwa kazi. Kwenye megahezi 7 waya wa namna hiyo hurusha mawimbi mengi moja kwa moja juu. Yanagonga tabaka la juu la anga yanarudi chini kama mvua, na kunyesha eneo la mamia ya kilomita. Kutoka Kisumu hadi Nairobi, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 260. Mchana mzuri, waya huo unaweza kufika. Anayetaka kuzungumza na ng'ambo ndiye atafute mti mrefu.

Ua wa miti si mahali pazuri pa kurushia, kwa sababu uko chini na watoto hupita hapo. Msifunge waya kamwe kwenye seng'enge.

ERIALI YA KUSIKILIZA TU

Hii haina hesabu kubwa. Waya wa mita 10 hadi 15, wenye ganda, upite mtini, na mwisho mmoja ushikizwe kwa kibanio kwenye eriali ya redio yenu ya kawaida. Mawimbi mafupi yataongezeka nguvu mara moja. Waya huu hauchomi mtu, kwa sababu haurushi kitu. Lakini radi haijui kama unarusha au unasikiliza. Masharti ya radi yaliyo hapa chini ni ya wote.

HATARI TATU

Ya kwanza ni laini za stima. Zile zinazopita vijijini hubeba volti 11,000 au 33,000. Msirushe kamba, msisimamishe nguzo, msipitishe waya mahali ambapo ukikatika au kuanguka unaweza kugusa laini hizo, hata ile ndogo inayoingia nyumbani. Pima: umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa waya au nguzo. Kama uwanja hautoshi, tafuteni uwanja mwingine.

Ya pili ni radi. Sisi wa upande wa Ziwa Victoria tunajua radi ilivyo. Ukiona umeme angani anza kuhesabu. Kama ngurumo inafika kabla ya sekunde 30, radi iko karibu kilomita 10, na huo ni umbali wa hatari. Lakini msingoje hesabu hiyo. Mkiona wingu linajengeka, kebo ichomolewe redioni na itupwe nje ya dirisha. Ikisha kuanza kunguruma, usiiguse tena. Usirudishe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Fito ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya ukuta, kama mita moja na robo kwenda chini, husaidia kuondoa stima inayojikusanya kwenye waya. Lakini haizuii radi inayopiga moja kwa moja. Asiwadanganye mtu.

Ya tatu ni ile iliyompata mama yetu. Waya unaporusha hubeba nguvu kubwa zaidi kwenye ncha, hata kama haukuunganishwa na stima ya nyumba. Mtambo wa wati 100 unatosha kuunguza ngozi. Dawa yake ni waya kuwa juu, ncha kuwa mbali na mikono, na watu kuambiwa.

NANI AAMBIWE?

Baada ya kile kisa, mwenyekiti aliitisha mkutano. Mwalimu akawatembeza wanachama wote, wazee na watoto, akawaonyesha waya unaanzia wapi na unaishia wapi. Karani akaandika kwenye kitabu. Ndani ya chumba cha redio pamebandikwa karatasi yenye ramani ya waya. Mwanachama mpya akija, huonyeshwa siku ya kwanza. Mwalimu akiwa anarusha, kitambaa chekundu hutundikwa mlangoni.

Tulikwenda pia kwa chifu na wazee wa nyumba kumi, tukiwa na nakala ya leseni. Waya uliofichwa ukigunduliwa na mtu asiyejua huzaa uvumi, na uvumi unaweza kuvunja kikundi kuliko mwizi.

Wengine waliuliza, "Si mkiambia watu wote siri itatoka?" Yaliyotokea kwetu ni kinyume. Waya wa kwanza ulikuwa wa mwalimu peke yake, na ulipoibwa hakuna aliyeona. Waya wa sasa una macho ya familia zote za kikundi. Kijana mgeni alipoanza kuuzunguka mwembe jioni moja, ni watoto waliokwenda kumwita mwenyekiti.

MATUNZO

Eriali ni kama zizi, bila kukaguliwa huanguka. Kagueni mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya vuli, na tena baada ya kila upepo mkali. Mtambo uwe umezimwa.

- Tazameni kamba penye tawi. Kama imelika, badilisheni kabla haijakatika.

- Miti hukua. Tawi likiota kuuzunguka waya, lipogoeni. Msiache waya umezwe na gamba.

- Fungueni tepu ya katikati mara moja kwa mwaka. Shaba iking'aa ni vizuri. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kateni sehemu hiyo muunge upya.

- Vipande vya plastiki hupasuka kwa jua. Bei yake ni ndogo, badilisheni mapema.

- Mwenye leseni awe na mita ya SWR, inayoonyesha nguvu ngapi zinarudi badala ya kutoka. Kipimo cha 1 hadi 1.5 ni kizuri sana. Kikipita 2, acheni kurusha mtafute kosa. Kikundi chetu huandika kipimo kila mwezi katika daftari. Namba ikibadilika ghafla bila waya kuguswa, mara nyingi ni maji yameingia.

Wakati wa kurekebisha urefu, kama waya unafanya vizuri kwenye masafa ya chini kuliko mnayotaka, ni mrefu. Punguzeni sentimita 5 kila upande, pimeni tena. Kwa waya wa megahezi 7, kila mara mkikata hivyo mtapanda karibu kilohezi 35.

MWISHO

Yule mama aliyeungua kidole sasa ndiye mwenye daftari la ukaguzi. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Septemba iliyopita ndiye aliyegundua kwamba kamba ya upande wa mwembe imelika, akamwita mwalimu. Alimwambia, "Mwalimu, waya wenu huu unataka kuanguka." Halafu akacheka, akajirekebisha: "Wetu."

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni vitu gani vya kikundi tunavyovificha kwa sababu ya wezi? Nani kati yetu hajaambiwa viko wapi?

2. Je, uwanja wetu una laini ya stima? Tupime pamoja umbali wake.

3. Mvua ya radi ikianza na mwenye redio hayupo, nani amefundishwa kuchomoa kebo mapema?